Kusoma Robota

Kwanza kamba. Ikate, usiivute.
Robota lililofungwa na umande ndani
hukupumulia joto usoni
kama sufuria iliyofunikwa ikasahauliwa.
Tia mkono hadi kwenye kiwiko.
Ukiungua, rudisha. Hata kama lori limewashwa,
hata kama Kimosop ameshahesabu pesa zake
akilamba kidole kila noti.

Miaka kumi na tisa naamka saa kumi
katika banda hili la Njoro, baridi ya Mau
ikinishika sikio kama mwalimu wa hesabu,
na bado wananiita kijana wa farasi.
Gazeti nalisoma polepole. Robota nalisoma upesi.

Lile la Februari: bua nene, vichwa vimepukutika,
nyasi iliyongoja mashine hadi ikazeekea shambani.
Rangi ya mkeka wa msibani. Ndani yake nilipata
panzi mkavu, ganda la hindi,
na kiatu cha mtoto, cha kushoto.
Zohali alilinusa, akaligeuza, akaliacha.
Usiku akautafuna mlango.
Mwisho wa mwezi mbavu zilihesabika
na tumbo limening'inia kama gunia:
ameshiba na ana njaa, yote mawili.

Bwana Gathogo akaona aibu,
akaleta lusani ya Naivasha, kijani, laini,
harufu ya mkebe wa majani ya chai ukifunguliwa.
Mpe, akasema, mpaka aseme basi.
Farasi hasemi basi.
Siku ya sita alikuwa moto juu ya miguu minne.
Jani la mkaratusi likidondoka, yeye yuko ukutani.
Ndoo aliipiga teke ikavuka uwanja.
Nyaguthii, binti wa mwenyewe, akarushwa
kwenye ua wa kaiyaba;
tulimtoa miiba kumi na saba kwa pini.

Mmoja akasema ana wazimu. Mwingine, amerogwa.
Fundi wa kwato akasema auzwe,
Nakuru wapo wanaokodisha farasi kwa maharusi.
Mimi nikasema: ni chakula.
Walinitazama kama niliyesema ni mwezi.

Lakini mimi niliwahi kula ugali kwa chumvi
wiki tatu, mshahara ulipokwama,
nikampigia Jebiwott kelele kwa sababu ya kijiko.
Kijiko! Tumbo ndilo lililoshika usukani.

Basi nikaomba nyasi ya Rhodes
iliyokatwa ua likianza tu kuchungulia,
ikageuzwa juani siku mbili, isinyeshewe;
na lusani kidogo, kama kitoweo.
Nikabadilisha taratibu, siku kumi nzima.
Kila fungu nililikung'uta nje, vumbi lisimkohoze.
Lenye ukungu nililitupa kwenye mbolea,
wala si kwa punda wa jirani,
maana punda naye ana mapafu.

Haikuwa muujiza. Mlango bado una alama za meno.
Nyaguthii hapandi bila kushika manyoya ya shingo.
Ila saa tano usiku, nikipita na tochi,
namkuta kichwa chini, sikio moja kwangu,
mguu mmoja wa nyuma umepumzika,
na namsikia: kru, kru, kimya, kru,
kutafuna kwa mtu asiyedaiwa.

Kesho Kimosop analeta mengine.
Kisu nimekinoa.
Rongai ilinyesha juzi; nimeuliza.