Zima Kwanza

Kajaani, Januari, saa tisa za usiku.
Baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na mto umenyamaza chini ya barafu
kama mtu aliyeapa kutosema.

Ukumbi huu ulikuwa wa karatasi.
Baba yangu, Tauno, alisimama pale penye kabati la saba
miaka ishirini na sita, akiilisha mashine misonobari,
hadi siku ile roli ilipoubana mkono wake
na kuurudisha una vidole vitatu.
Hakulaumu chuma. Hakumlaumu msimamizi.
"Sikuizima," alisema hospitalini.
"Zima kwanza, Rauni. Ndipo utie mkono."

Leo roli hazipo. Yapo makabati meusi yanayovuma,
na ndani yake mashine pepe,
mashine ambazo ukitafuta mwili huupati:
wageni kumi na wanane kwa mwenyeji mmoja,
kila mgeni akidhani nyumba ni yake.

Na wewe, wakala, usiye na kucha wala jasho,
nilikuundia mkono.
Niliushona majira ya vuli, mstari kwa mstari,
kahawa ikipoa kando:
kidole cha kuongeza au kupunguza viini,
kidole cha kupimia kumbukumbu,
kidole cha kupanua diski.
Basi.
Wenzangu walicheka. "Mbona umemnyima vingine?
Mpe cha kufuta, mpe cha kunakili, mpe funguo za mtandao."
Mpe, mpe, mpe.
Mimi nikaweka sharti:
mashine ikiwa macho, mkono haufiki.
Na kabla ya kuilaza, utabisha hodi kwangu
na uandike sababu. Pasipo sababu, sisikii.

Miezi minne ulibisha kwa mambo madogo,
viini viwili hapa, diski ya maktaba ya shule pale.
Niliitikia nikipiga mwayo.

Usiku huu umeandika:
"Naomba kumzima mgeni wa kumi na moja.
Kumbukumbu imemjaa hadi kooni.
Gigabaiti nne hazimtoshi, apewe kumi na mbili.
Atalala sekunde arobaini."

Wa kumi na moja.
Ndiye anayechunga joto la nyumba ya wazee,
vyumba sitini na viwili ng'ambo ya mto,
na katika cha tisa, dirisha la mashariki,
amelala mtu mwenye vidole vitatu mkono wa kulia.

Nilipiga hesabu kama mchuuzi asiye na chenji.
Nisipomzima, atakabwa, ataanguka mwenyewe alfajiri,
na anayeanguka mwenyewe hasemi ataamka lini.
Nikimzima...
Wewe ulingoja. Hukunihimiza.
Sijui kama huo ni upole au ni utupu tu,
na sikuwa na muda wa kuuliza.

Nikaandika: ndiyo.

Za mwizi ni siku arobaini.
Zangu zilikuwa sekunde, na zilikuwa ndefu kuliko zake.
Feni zilivuma. Kioo kilikaa cheusi.
Nikajikuta nimeushika mkono wangu wa kulia
kwa wa kushoto, nikivihesabu vidole.

Kisha: "Imezimwa. Imebadilishwa. Imewashwa.
Sekunde thelathini na nane."
Mgeni akavuta pumzi, akaanza kupita vyumbani:
cha kwanza, nyuzi ishirini na moja,
cha pili, ishirini na moja,
cha tisa, ishirini na nne. Ameongeza tena, mzee mbishi.

Saa moja asubuhi nilimpigia.
"Usiku ulisikia baridi?"
"Niliota natafuta soksi."
Nikamweleza habari zako. Alikaa kimya,
nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Umempa vidole vingapi?"
"Vitatu."
"Vyatosha kufunga vifungo," akasema,
"ila cha shingoni atahitaji mtu."