Majivu ya Llaima

Asubuhi, jua likiwa bado chini ya paa za Temuco,
ndipo boneti husema kweli:
mikwaruzo myembamba kama nywele,
duara ndani ya duara, kila mwanga unapotua.

Si kucha za paka wa Doña Hortensia.
Ni baba. Mwaka ule mlima ulipotapika
alitoka na fulana yake kavu
akayafuta majivu, haraka, kwa huruma,
kama anayempangusa mtoto uso.
Majivu yale ni kioo kilichosagwa. Nani angejua?

Nimeliosha mara mbili. Nimelikausha.
Nimebandika utepe kwenye kingo za mpira.
Dawa kiasi cha punje ya njegere, sponji yenye unyevu,
eneo la kiganja kwanza, kisha la pili.
Mkono mwepesi. Bega ndilo linalolalamika.

Baba ameketi juu ya kreti la tufaha.
“Inaondoka?”

Haiondoki, baba. Mkwaruzo ni bonde;
ninachofanya ni kuparuza vilima
mpaka vishuke vilingane nalo.
Kila nikisugua gari linapungua,
unene wa pumzi, lakini linapungua.

Anainama, anautazama uso wake
ukitokea wekundu, mzima, pale nilipomaliza.
Hasemi kitu.
Anavua miwani iliyojaa vumbi la dawa,
anavuta pindo la fulana aifutie —

“Baba!”

Mkono unagandia hewani.
Namrushia kitambaa laini, cha manjano.
Anakidaka.