Vipande Viwili

Tunakaa watatu, chumba cha uani, Kikwajuni:
mimi, Feruzi, na Ame Vuai
ambaye mji mzima ulimwita Kilua
enzi zile harusi haikuwa harusi
mpaka aingie yeye, kisigino mbele,
gauni la satini likifagia mkeka.

Sasa kisigino kina magaga.
Wigi limelala ndani ya kopo la maziwa,
jirani na vidonge vya presha.
Wanja namtia mimi, mkono wake unatetema,
na jicho la kushoto lishazima.
“Lipake na hilo,” anasema.
“Halioni, lakini linaonwa.”

Jana mama mmoja wa Miembeni katuma mtoto:
bi harusi wake anatembea kama anawahi boti,
tumfundishe mwendo.
Kilua kashika ukuta, kaenda hatua nne.
Mtoto kasahau kilichomleta.

Usiku Feruzi kauliza lile tusiloulizana:
tukifa, watatuosha kina nani?
Sanda ya mwanamume vipande vitatu,
ya mwanamke vitano.
Kimya. Feni ikakwaruza.

“Vitatu,” akasema Kilua, “Mungu ananijua.
Ila vile viwili nipeni sasa hivi,
nishone kitu cha Idi.”