Vidole Viwili

Kipupwe kilitukuta Mtae,
gari limeegeshwa nyuma ya soko, pua yake ikitazama
nyika ya Mkomazi, ambako chini kule
watu walikuwa wamelala bila shuka.
Sisi tulilala na soksi na makoti,
na saa tisa usiku tone likanipiga katikati ya paji.

Nikasema, paa linavuja.
Kibibi akasema, mvua iko wapi?
Nikatoka na tochi. Nyota zote zilikuwepo.
Paa halikuwa na tundu, hata la sindano.

Hili lilikuwa gari la mkate zamani.
Ubavuni, rangi inapochunika, bado pasomeka MKA.
Tukalitia kitanda, jiko la mafuta ya taa
na rafu za vyerehani vya watu, maana ndiyo kazi yetu,
gulio kwa gulio: Soni, Lukozi, Mlalo,
mpaka huku barabara inapochoka.

Asubuhi sindano zilishika kutu ndani ya pakiti.
Godoro, nilipoligeuza, lilikuwa na ramani nyeusi
ya nchi nisiyoijua.
Ukungu nje ya dirisha, ukungu chini ya godoro:
Kiswahili kiliona mapema, kikavipa jina moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa tangu utoto.
Basi nikaziba.
Silikoni mirija mitatu, matambara mlangoni,
gazeti kwenye tundu la hewa la juu.
Nikawasha jiko ndani tupate joto,
nikachemsha chai ya tangawizi, ikachemka, ikachemka,
Kibibi akaanika kanga mbili juu ya mvuke.
Usiku ule gari lilinyesha.
Niliziba ufa, nikajenga ukungu.

Shekiondo, wa viazi, alikuja kuchukua cherehani cha mkewe.
Akapitisha kidole ukutani, akakitazama.
"Hii si mvua," akasema. "Hii ni nyinyi.
Mnapumua usiku kucha, wawili. Sufuria nalo linapumua.
Na mafuta ya taa yakiungua yanatoa maji,
usinitazame hivyo.
Pumzi ikikosa mlango hukaa penye baridi,
kama mgeni asiyepewa kiti."

Nilinuna mpaka adhuhuri.
Si jambo dogo, mtu kuambiwa
maji yanayoozesha godoro lake
yametoka kinywani mwake.

Sasa dirisha tunaliacha wazi, vidole viwili.
Gazeti nimeling'oa. Jiko linakaa nje, chini ya ngazi,
na chini ya godoro nimepanga fito za mianzi
ili hewa ipite kama paka.
Kuna bakuli la chumvi ya mawe kutoka kwao Kibibi, Pangani;
kila alfajiri tunaikuta imelia.
Nafuta vioo kwa sifongo, nakamua kikombeni.
Siku ya kwanza kikombe kilijaa. Leo, nusu,
na nusu hiyo namwaga kwenye gurudumu bila kinyongo.
Baridi inaingia, nasi tunairuhusu iingie ili tukauke.
Nimejaribu kumweleza shemeji yangu wa Pangani kwa simu.
Alicheka mpaka salio likaisha.

Kitu kimoja tu tulidhani tumekipoteza.
Kibibi alikuwa akiandika madeni kwa kidole
kwenye umande wa kioo cha nyuma:
Nyange 4,000, bobini.
Mwalimu Hoza 7,000, mkanda.
Mchana yalifutika, usiku yalirudi yenyewe,
herufi kwa herufi, sisi tumelala,
tukiidai Mtae nzima kwa pumzi zetu.

Jana kioo kilikuwa kikavu, safi.
Nyange akapita mbio mbio,
"Shikamoo!" sauti tamu
ya mtu anayedhani amesahauliwa.
Kibibi hakujibu upesi.
Aliinamia kioo, akafungua kinywa,
akakipulizia, haa, taratibu,
akasoma.

"Marahaba," akaita. "Elfu nne."