Mifuo Sita

Kalume ameilaza bunduki mezani pangu,
juu ya gunia, kama amlazaye mgonjwa,
na kando yake barua ya kibali, muhuri wa zambarau haujakauka.
"Nichongee mifuo," asema. "Sita, urefu wa mtutu.
Nimeiona ya mwenzangu wa Tsavo. Nyepesi, tena inapendeza."

Karakana yangu iko nyuma ya soko, Malindi.
Hapa nakereza rola za kukamulia miwa,
shafti za mashua,
meno ya mbuzi, yule wa kukunia nazi.
Mtutu sijapata kuugusa tangu nirithi kerezo hili.

Nikaufunga. Nikauzungusha polepole kwa mkono.
Haukuyumba hata unywele.
"Unalenga vipi?"
"Hatua mia, kifuu cha nazi."
"Kila mara?"
"Nikikosa, ni mimi."

Hapo moyo ukasita.

Maana chuma kina kinyongo, Kalume.
Kiwandani kilipondwa, kikabanwa, kikanyamaza.
Ukikichana ubavu kinaweza kukumbuka,
kikapinda kidogo, unene wa karatasi,
na unene wa karatasi hapa
ni shubiri nzima kule aliko nyati.

Baba alikereza miguu ya vitanda. Mifuo aliijua:
kumi na miwili, ikishuka kama mvua isiyo na upepo.
Akikosea, mguu uligeuka mpini wa nyundo.
Mtutu ukiharibika hugeuka nini?
Wasema maji yakimwagika hayazoleki.
Chuma huzoleka. Nakizoa kila jioni kwa sumaku.
Ila hakirudi kilikotoka.

"Utapungua kiasi gani?"
Nikampa pakiti ya sukari, robo, ya chai yetu.
Akaipima kiganjani, akapandisha, akashusha.
"Hii tu?"
"Hii tu. Labda na kijiko juu."
"Bega langu linasema ni zaidi."

Nikauvuta mkoba wake. Hakupinga, wala hakupenda.
Chupa ya maji. Tochi.
Redio ya upepo iliyokufa tangu Shaabani.
Mhogo wa kuchoma ndani ya gazeti.
Na chini kabisa, nyaya: matanzi ya kutegea paa,
ishirini, thelathini, yamesokotana,
mengine bado yana manyoya.
Tukayaning'iniza kwenye mizani ya jirani, muuza mkaa.
Kilo tatu kasoro.

"Si uyaache huko huko msituni?"
Akanitazama kama nimemtukania mama.
"Nikiyaacha, yatategwa tena kabla sijafika barabarani."

Basi tukakaa. Chai tukainywa kavu,
pakiti bado kaishika.
Nilikuwa nimekwisha chora mistari kwa chaki, sita,
kwa rula ya chuma,
na kusema kweli ilipendeza.
Mkono ukaniwasha. Mkono wa fundi ni mlafi,
hauulizi kama pana haja,
huuliza tu kama unaweza.

Kalume akalamba kidole gumba, akafuta mstari mmoja.
Akangoja.
Akafuta wa pili kwa mkono wa yunifomu.
"Nitafutie mshipi wa begani," asema, "mpana."

Nyaya akaniachia. Sukari pia, hatimaye.
Alipopinda kona ya wauza samaki
mtutu ulikuwa bado na mistari minne, myeupe, imenyooka.
Sijui kama alisahau,
au ameweka akiba ya mabishano.