Nyimbo Bora, Pauni Moja na Nusu

Duka la hisani, Port Talbot, Jumanne,
mvua inapiga kwa ubavu.
Kati ya pasi isiyo na waya na picha ya farasi
nimeikuta: Coldharrow, Nyimbo Bora,
diski mbili, nyimbo ishirini na tatu,
fuvu la fedha kwenye jalada
na kibandiko cha bei kimeziba jicho lake moja.

Niseme mapema: sipendi nyimbo bora.
Kizuri chajiuza, tulifundishwa.
Sasa hiki kinatembezwa na nani?
Mtu ameingia jikoni mwa wenzake,
akapakua pilau ya juu juu, nyama na zabibu,
akaacha ukoko chunguni.
Na mimi ni mtu wa ukoko.

Chukua albamu ya pili, ile ya jalada jeusi
aliyoniazima Gethin mwaka wangu wa kwanza hapa,
zamu ya usiku, wodi ya mifupa,
akaniambia: usinisemeshe mpaka uisikilize mara tatu.
Wimbo wa sita una dakika tisa na sekunde kumi na moja.
Sijausikia redioni hata siku moja.
Dakika ya nne mpiga ngoma anachelewa, kidogo tu,
kama mtu aliyekosa ngazi gizani,
na gita la besi linamngoja.
Linamngoja!
Nimekalishwa kwenye mahubiri mengi ya subira,
hakuna yaliyonikaa kama sekunde ile.

Basi nageuza kasha, nasoma orodha.
Haumo.
Umo ule wa kuimbwa na walevi uwanjani,
umo wa tangazo la bia,
zimo na mbili mpya, za kurekodiwa uzeeni,
zimetundikwa mwishoni kama chambo
ili mwenye albamu zote kumi na moja atoe pesa tena.
Huo ni ushuru, si muziki.
Na ule wa tatu wameukata mkia:
pale gita linapolia peke yake hadi liishiwe pumzi,
wamelififisha taratibu,
kama sisi tunavyofunga mlango wa chumba
kabla jamaa hawajafika.

Nilikuwa nairudisha kwa farasi
kijitabu kikaanguka.

Kalamu ya bluu, mwandiko unaoegemea kushoto.
Mtu ameweka vema kwenye nyimbo nne.
Pembeni mwa mmoja: *harusi ya Eluned, tulivunja meza.*
Pembeni mwa mwingine: *tanuruni, baba bado yupo.*
Ule wa bia ameupiga mstari mara mbili, karatasi imechanika.
Na chini kabisa, baada ya ishirini na tatu,
ameongeza namba yake mwenyewe,
ishirini na nne,
jina la wimbo wa sita,
tisa na kumi na moja,
na alama ya kuuliza iliyokandamizwa kwa hasira.

Nikasimama pale, maji yakinitiririka kolani.

Bi Glenys wa kaunta akasema
zililetwa juzi, nyumba ilikuwa inaondolewa vitu.
Albamu zenyewe kijana alizichukua zote,
akazifunga kwa blanketi, moja moja.
Hii akasema si kitu.

Kijana ana sikio, simlaumu.
Ningekuwa yeye ningefanya vilevile,
nisingefungua hata kasha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama inafaa kuwa nayo:
ukiwa nazo zote, hapana.
Ukiwa huna hata moja, anza na ile nyeusi,
mara tatu, halafu tuzungumze.
Hii hapa ni suala jingine.
Nimetoa pauni mbili, chenji nimeiacha.

Gari langu halina pa kuingizia diski.
Nimeiweka juu ya dashibodi, fuvu likitazama barabara,
na kibandiko sijakibandua.