Baki

Barua tatu, meza moja, kikombe chenye ufa.
Nje theluji ya Machi imekwisha kuchafuka,
nyeusi kingoni kama kola ya makanika.

Ya kwanza yatoka chuo kikubwa chenye lango la mawe.
Wameandika hongera mara tatu katika ukurasa mmoja,
karo wakaiweka chini, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayekohoa ndani ya kiganja.

Ya pili yanisamehe nusu ya ada.
Lakini masomo yake ni sera, bajeti, uongozi wa mashirika:
ningejifunza kuendesha jengo,
si kuketi chumbani na mtu anayetetemeka.

Ya tatu ni ya hapa hapa Youngstown,
jengo la matofali nyuma ya maegesho, ngazi zanuka rangi.
Miaka mitatu, jioni na Jumamosi.
Majeraha ya nafsi, uraibu, familia, namna ya kusikiliza;
na saa mia tisa za mafunzo kwa vitendo, bila ujira.
Mia tisa.
Nimezigawanya kwa majuma, kwa zamu, kwa usingizi wangu.
Kila nikigawanya, baki ni mimi.

Dada yangu Corinne asema, "Janelle, fuata pesa."
Hajakosea. Yeye ndiye aliyelipia matairi yangu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nimeinama, nimekuta soksi na vumbi.
Nimeomba kwa wakfu wa wajane wa vinu vya chuma,
kwa benki, kwa chama cha madereva wa malori
(babu aliwahi kuwa mwanachama, kabla ya kugombana nao).
Kila mmoja ataka maneno mia tano juu ya uchungu wangu.
Uchungu wangu umehaririwa mara nne.
Sasa una aya fupi, na mwisho wenye matumaini.

Akina mama wa parokia ya Kislovakia wametuma dola mia sita.
Bi Ludmila alipiga simu kuuliza kama nitarudi.
Nikamwambia, "Siondoki."
Akasema basi hundi ataileta mwenyewe, aokoe stempu.

Sikumwandikia mtu yeyote habari za Delbert,
fundi wa mapaa, kitanda cha nne.
Mimi ni wa usiku: napima joto, nahesabu mapigo,
naandika nani amelala, nani ametapika.
Kuuliza kwa nini si kazi yangu; kuna leseni ya kuuliza.
Usiku tisa hakutamka neno. Wa kumi akasema,
"Nilimwacha ndani ya gari."
Nami, kama nilivyoelekezwa, nikajibu,
"Subiri, mshauri anaingia saa mbili asubuhi."
Saa mbili asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa,
blanketi limekunjwa pembe kwa pembe.
Gari gani? Nani?
Mpaka leo nasimama kwenye taa nyekundu nikiuliza.

Kwa hiyo niliwapigia wale wa jengo la matofali.
Sikuuliza habari za karo. Niliuliza,
"Nikikosea kwa mtu, nitamwambia nani?"
Kimya. Kisha sauti kavu ya mwanamke:
"Mimi. Kila Alhamisi, saa nzima, mlango umefungwa."

Hospitali ya kaunti itabeba nusu,
nikiahidi kuitumikia miaka miwili.
Mkopo utabeba sehemu, na riba haina likizo.
Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya chuo chenye lango:
bado pengo la elfu nne na mia moja.
Nimelizungushia duara. Halikupungua.

Nimetia saini hata hivyo, kalamu ikakwama kwenye herufi ya S,
nikairudia juu yake, mara mbili, Sabol,
ikatoka nene kuliko jina lenyewe.

Sasa ni saa nne usiku. Natafuta funguo za gari.
Wamenipigia: kitanda cha nne kimepata mtu.
Hasemi.